Nawaombeaje Wakristo wanaoteswa, wakati hata jumuiya yangu imenichosha?

Swali: "Tumsifu Yesu Kristo mwalimu. Mimi nasali jumuiya moja hapa Dodoma. Kila Jumamosi tukifika kwenye nia lazima mtu aseme 'tuwaombee Wakristo wenzetu wanaoteswa duniani', tunaitikia, tunahamia kwenye nia ya mvua. Sijui hata ni akina nani na sijui naombea nini. Halafu nikuambie ukweli, jumuiya yenyewe imenichosha, michango haiishi, umbea, tumekubaliana saa kumi na mbili watu wanafika saa moja na nusu, siku hizi nabaki zangu kitandani nafuata rozari laivu kwenye simu na naona nasali vizuri zaidi. Sasa mwalimu, sala kama ile ya jumuiya Mungu anaipokea kweli? Na mtu usiyemjua unamwombeaje?"

Milele amina dada yangu. Umeweka maswali mawili kwenye meseji moja kana kwamba hayahusiani, hili la kuombea wanaoteswa na hili la jumuiya kukuchosha, ila kwangu mimi ninayeshinda na historia ya kanisa ni swali moja kabisa, vumilia nizunguke kidogo utaona kwa nini.

Kwanza unaombea nini. Sisi tukisikia mtu kafungwa kwa ajili ya imani tunaomba jambo moja, atoke, basi. Si vibaya, hata mimi ningekuwa ndani ningetaka mniombee nitoke. Lakini soma Matendo ya Mitume sura ya 4 uone wale wa kwanza waliomba nini. Petro na Yohane wametoka kutishwa na baraza, wameambiwa wasilitaje tena lile jina, wanarudi kwa wenzao wanasimulia, watu wanapaza sauti kumwomba Mungu, na ukitafuta humo ndani ombi la kwamba hawa watu watuondokee hulikuti. Wanasema Bwana yaangalie matisho yao, utujalie kunena neno lako kwa ujasiri wote. Paulo naye yuko kwenye minyororo anawaandikia Waefeso wamwombee apate ujasiri wa kusema. Afu nenda barua ya pili kwa Timotheo, ile anayoandika akijua mwisho umekaribia, anaagiza vitu vidogo mpaka unashangaa: lile joho nililoliacha Troa kwa Karpo ukija uje nalo, na vitabu, hasa vile vya ngozi, na ujitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Mtume mzima anataka koti na anataka mtu wa kukaa naye. Hapo tayari umeshapata cha kuombea, ujasiri, kitu cha kujifunika, kitu cha kusoma, mgeni wa kuja kumwona, na hivyo vyote unaviombea bila kujua sura ya mfungwa wala jina lake, maana baridi ya sakafu huhitaji kusimuliwa na mtu.

Sasa nije kwenye lenyewe. Ukifuatilia hizi habari karne hadi karne utagundua kwamba wanaotesa Wakristo huanza na mkusanyiko. Mtu anayeamini kimya kimya chumbani kwake hawasumbui sana, wanachokiogopa ni watu kukaa pamoja. Mwaka 112 hivi kuna gavana wa Kirumi anaitwa Plinio, yuko Bithinia, ndiyo Uturuki ya leo, anamwandikia Kaisari Trayano kuuliza awafanyeje Wakristo. Ili apate siri yao aliwatesa watumwa wawili wanawake waliokuwa na huduma kanisani, na siri yenyewe, kama walivyoisimulia watu waliokuwa wameiacha imani, ikawa hii: hawa watu wana siku yao, wanakutana kabla hakujapambazuka, wanamwimbia Kristo kwa kupokezana, wanaapa kutoiba, kutozini, kutokukana amana ya mtu, wanatawanyika, baadaye wanakutana tena kula, chakula cha kawaida tu. Mimi nikiisoma ile barua huwa nacheka kidogo maana ni jumuiya ya Jumamosi ile ile, alfajiri, wimbo, fundisho, chai. Ila pana sentensi moja pale haichekeshi. Gavana alipopiga marufuku vyama, kile kikao cha kula pamoja wakakiacha. Yaani kilichokatika kwanza ni chai.

Twende mwaka 304, Afrika ya kaskazini, kamji kanaitwa Abitina, kwenye Tunisia ya sasa. Kaisari Diokletiano alishatoa amri mwaka uliotangulia, hakuna kukutana kwa ibada na Maandiko yasalimishwe yachomwe moto. Askofu wa pale mwenyewe aliogopa akayatoa. Waumini 49 wakaendelea kukutana nyumbani kwa watu, padre wao Saturnino akiwemo, wakakamatwa wakapelekwa Karthago. Liwali anamuuliza Emerito, mmoja wa wenye nyumba, kwa nini uliwaruhusu hawa waingie kwako? Anajibu ni ndugu zangu, nisingeweza kuwazuia. Liwali anasema ulipaswa kuwazuia. Emerito anasema nisingeweza, maana bila mkusanyiko wa siku ya Bwana sisi hatuwezi. Angalia alichokiona hakiwezekani. Hakusema hawawezi kuishi bila jengo la kanisa, jengo hawakuwa nalo. Walikuwa 49 sebuleni kwa mtu, na humo ndani kulikuwa na watoto, kulikuwa na binti mmoja anaitwa Viktoria ambaye kaka yake alikuja mahakamani kumtetea kwamba kadanganywa na yeye akakataa kutetewa. Sidhani wote 49 walikuwa wanapendana.

Nikuletee wa karibu zaidi na zama zetu. Askofu Franciszko Xaveri Nguyễn Văn Thuận wa Vietnam alikamatwa tarehe 15 Agosti 1975, akakaa kifungoni miaka 13, 9 kati ya hiyo peke yake bila mwenzake. Mwanzoni aliruhusiwa kuandika aletewe vitu vya lazima, akaandika naomba dawa ya tumbo. Waumini wakaelewa. Wakampelekea chupa ndogo ya divai imeandikwa dawa ya tumbo, na hostia wakazificha ndani ya tochi zisipate unyevu. Mlinzi anamuuliza, unaumwa tumbo? Ndiyo. Haya dawa yako hii. Akawa anaadhimisha misa kiganjani, matone matatu ya divai na tone moja la maji. Lakini sehemu ninayotaka uishike ni ile ya kambini, alipokuwa na wafungwa wenzake. Wafungwa walilala makundi ya watu 50 kwenye kitanda kimoja kirefu, kila mtu na sentimita zake 50 basi. Wakapanga kijanja Wakatoliki watano wawe karibu naye. Saa tatu na nusu usiku taa zikizimwa anainama pale kitandani anasema misa kwa kichwa, halafu komunyo inapita kwa mkono chini ya chandarua. Wakatengeneza vijaluba kwa karatasi za pakiti za sigara wahifadhie sakramenti, kila mmoja anatembea nayo mfukoni. Ukiniuliza mimi ile ilikuwa jumuiya ndogo ndogo kuliko zote, watu watano na chandarua, na aliyelala pembeni yako hukumchagua wewe, kapangwa tu, labda anakoroma.

Na Eritrea hapo juu, wala si mbali na sisi. Mei 2002 serikali ilifunga madhehebu yote isipokuwa Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Sunni. Wapentekoste na wengine wakajikuta kuimba sebuleni ni kosa. Mwimbaji wa injili Helen Berhane alikamatwa 2004 akawekwa kwenye kontena la chuma, haya haya ya mizigo unayoyaona yanashushwa bandarini, mchana linachoma usiku linaganda, akakaa kifungoni zaidi ya miaka miwili, alipotoka afya imeharibika akapata hifadhi Denmark. Hata Waorthodoksi ambao dhehebu lao linaruhusiwa hawakupona, Patriaki wao Abune Antonios aliondolewa kwenye kiti 2006 akafungiwa nyumbani mpaka alipofariki Februari 2022.

Sasa dada yangu rudi kitandani kwako na simu yako. Irani kuna Wakristo waliotoka kwenye Uislamu, hao kanisa la wazi hawaruhusiwi kuingia, wanakutana wachache nyumbani kwa siri na wakikamatwa ni jela, na wengine hata hao wachache hawana, wamebaki na televisheni ya setilaiti na simu. Wao simu ndiyo iliyobaki baada ya kunyang'anywa vyote. Wewe umeichukua simu ukaviacha vingine mlangoni. Sikusemi vibaya, na mgonjwa, nesi aliyetoka zamu ya usiku, mama mwenye kichanga, mlinzi, hao wafuate laivu bila wasiwasi wowote. Ila wewe umesema mwenyewe tatizo lako ni watu.

Na kuhusu hao watu nisikudanganye, malalamiko yako ni ya kweli. Maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokaa Nairobi 1973 na tena 1976 wakaamua kanisa la huku kwetu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, sidhani walikuwa na daftari la michango akilini. Siku hizi jumuiya nyingine zimegeuka ofisi ndogo ya makusanyo, mchango wa harusi ya mtu usiyemjua, mchango wa sare, mchango wa kumpongeza Padre, na aliyepitwa anasomwa jina mbele za watu. Hapo una haki ya kusema. Mwambieni mwenyekiti michango iwe baada ya sala ya mwisho na majina yasisomwe, jumuiya kibao zinafanya hivyo na hela inapatikana vile vile. Kuchelewa nako kunatibika, anzeni saa kumi na mbili hata kama mko watatu. Umbea sina dawa yake. Nachojua ni kwamba watu wanaojua mtoto wako karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada na mumeo hana kazi ndio hao hao wanaokuja na sufuria siku ya msiba bila kuitwa, na rozari ya laivu ina watazamaji elfu ila hakuna hata mmoja anayejua unakaa wapi.

Turudi kwenye nia. Shida ya "tuwaombee Wakristo wanaoteswa duniani" ni kwamba duniani ni kukubwa mno, moyo hauna pa kushika. Jumamosi hii chagueni sehemu moja tu. Mimi ningeanza na Komanda. Iko Ituri, Kongo, watu wa kule wanaongea Kiswahili, ungefika kesho ungeelewana nao sokoni. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 Julai 2025 waumini walikuwa wamekesha kwa sala kwenye parokia ya Mwenyeheri Anuarite, wanamgambo wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda linalojiita la Kiislamu, wakawavamia, watu takriban 40 wakauawa, watoto wamo. Anuarite mwenyewe unamjua, jina lake limejaa kwenye shule na kwaya zetu, sista kijana aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 na kanali wa waasi wa Simba kwa sababu alimkatalia, na wanasimulia alimsamehe pale pale. Kwa hiyo mnapoombea Komanda ombeeni hivi: waliobaki wapate nguvu ya kukesha tena, maana ukiambiwa wenzako waliuawa kwenye mkesha, mkesha unaofuata unaendaje? Ombeeni mapadre wa kule wasikimbie. Ombeeni yatima walale. Na ombeeni hao wa ADF pia, kwa sauti, hata kama ulimi ni mzito, maana Bwana hakutuachia nafasi ya kukwepa hilo la kuwaombea wanaowaudhi.

Hapa niseme kitu ambacho sala zetu nyingine zinakosea. Nimesikia mtu anaanza kuombea wanaoteswa anamaliza anawasema Waislamu wa mtaani, jirani aliyemwazima kibiriti jana. Hao hao ADF wanawaua Waislamu, Mei 2021 sheikh mmoja aliyekuwa anawakemea hadharani alipigwa risasi msikitini Beni. Na kwa majirani zetu Kenya, Novemba 2014 al-Shabaab walisimamisha basi kule Mandera wakawatenga abiria wasio Waislamu wakaua watu 28, na Aprili 2 mwaka uliofuata wakaua 148 Chuo Kikuu cha Garissa. Kisha tarehe 21 Desemba 2015 wakasimamisha basi lingine huko huko Mandera, wakawaambia Waislamu jitengeni. Waislamu wakagoma. Ndani ya basi akina mama walishawapa Wakristo wa kike hijabu wajifunike, wakasema mtuue wote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile akafa Januari 2016. Mwenye kuombea Wakristo wanaoteswa asiyemtaja Salah Farah hata mara moja, mimi naona bado hajaijua habari yenyewe.

Na tafadhali sana kabla hujapeleka nia kwenye grupu la WhatsApp, hakikisha. Ule ujumbe wa wamisionari 22 wa Afghanistan wanaouawa kesho asubuhi, "tuma kwa watu wote", umeshaupata bila shaka. Unazunguka tangu mwaka 2009 hivi, ukarudi kwa nguvu 2021 Taliban waliposhika Kabul, na hao 22 hawakuwahi kuwepo. Watu wamefunga na kusali kwa machozi kwa ajili ya meseji. Mungu ataangalia machozi, sawa, lakini Komanda wakati huo haina aliyeitaja. Soma taarifa ya jimbo husika au redio ya kueleweka, angalia tarehe, ndiyo upeleke.

Pia wapo walio karibu kuliko unavyodhani. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu imekuwepo tangu 1996, maelfu ya Wakongo wanaishi pale na wana jumuiya zao na kwaya zao. Dodoma nako hamkosi mtu aliyetoka Kongo au Burundi, mwanafunzi, fundi, mke wa mtu. Mwalikeni kwenye jumuiya, mpeni chai, asimulie mwenyewe kama anapenda kusimulia, kama hapendi mwacheni anywe chai. Ombi linabadilika sana mtu wa habari akiwa amekaa kwenye mkeka wenu. Na kalenda itawasaidia, tarehe 26 Desemba ni ya Stefano, Ijumaa Kuu, tarehe 3 Juni ya mashahidi wa Uganda, na mwanzo wa Novemba ndugu zetu wa makanisa ya kiinjili wana siku yao ya kimataifa ya kuombea kanisa linaloteswa, ilianza 1996, hakuna ubaya mkisali nao.

Sasa uliuliza kama Mungu anaipokea sala ya namna ile, ya kuitikia huku unawaza foleni ya maji. Soma Matendo 12. Herode kamuua Yakobo kwa upanga, kaona watu wamefurahi, akamkamata Petro naye. Kanisa linaomba kwa juhudi nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohane Marko, usiku, watu wengi wamekusanyika, yaani jumuiya hiyo. Petro anatolewa na malaika, anakuja anagonga. Binti anaitwa Roda anaitambua sauti, kwa furaha anasahau kufungua, anakimbia ndani kuwaambia Petro yuko nje. Na hao waombaji, walioomba kwa juhudi usiku ule, wanamwambia una wazimu. Anasisitiza, wanasema basi ni malaika wake. Petro bado anagonga huko nje.

Hao ndio walioombea Petro akatoka, imani yao ilikuwa ya kiasi hicho. Na huyo Yakobo naye nina hakika waliomwombea walikuwepo, tena labda wale wale, nyumba ile ile, na hakutoka. Kwa nini mmoja na si mwingine Luka hasemi, na mimi nikikuambia nitakuwa natunga. Alichoandika ni kwamba baada ya Yakobo kufa waliendelea kukutana na kuomba, na kwamba mlango uligongwa wakiwa wamekaa pamoja.

Kwa hiyo Jumamosi nenda, hata ukichelewa kama wao. Muombe mwenyekiti hiyo nia ya wanaoteswa uisome wewe, iandike kwenye karatasi kabla, jina la mahali na tarehe na mambo matatu ya kuomba, isizidi dakika moja maana wakizoea hotuba watakunyang'anya. Halafu nyamazeni kidogo kabla ya kuitikia, ndiyo muende kwenye mvua. Mvua nayo iombeeni vizuri, Dodoma mnaihitaji.